Awamu ya Tatu ya Mama Pankras

Barua ilimfikia Hedwiga Kinunda siku ya Jumanne, ikiwa imeshakaa siku kumi na moja kwenye meza ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji mwenyewe ndiye aliyeileta dukani. Akaiweka juu ya kitambaa cha sare ambacho Hedwiga alikuwa akikikata, akasema, "Mama Pankras, hii ni ya watu wa kodi. Nisainie hapa kwamba umeipokea."

Hedwiga hakusaini. Aliweka mkasi chini, akavaa miwani, akaigeuza bahasha mbele na nyuma.

"Mbona imefunguka?"

"Gundi yao ni mbovu, mama."

"Na mbona imechelewa?"

"Nilikuwa Mpepai, kwenye msiba wa shangazi."

"Msiba wa siku kumi na moja?"

Mtendaji akacheka, lakini Hedwiga hakucheka. Alisaini hatimaye, ila pembeni ya jina lake aliandika tarehe na saa, akamwambia mtendaji naye asaini chini yake.

Ndivyo alivyokuwa, ingawa hakuzaliwa hivyo. Alikulia Mapera, akafundishwa ushonaji na masista, akaolewa mjini Mbinga na fundi cherehani aitwaye Wendelin Ndunguru, na kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kuhesabu vifungo vilivyomo kwenye kopo. Wendelin alipofariki, kabla hata wiki ya maombolezo haijaisha, cherehani moja iliondoka dukani "kwenda kutunzwa," na magunia mawili ya kahawa yakauzwa na mtu ambaye mpaka leo hajajulikana. Tangu hapo alianza kuhesabu, akahesabu vifungo, sindano, mita za kitambaa, na maneno ya watu. Kwa miaka mitatu aliliendesha duka peke yake, akiwa na mshonaji mmoja tu, Vitalia, aliyekuwa naye tangu enzi za marehemu. Shule tatu zilishonesha sare kwake. Alijisajili kwa jina lake, akapata namba yake ya mlipakodi, ile watu wanayoiita TIN, na kodi yake ya makadirio aliilipa kwa awamu nne kila mwaka bila kukumbushwa.

Kwa hiyo alipoisoma barua ile, damu ilimpanda. Ilisema kwamba malipo ya makadirio aliyoyataja kwenye ritani, ile fomu ya mapato, ya mwaka uliopita hayalingani na yaliyomo katika kumbukumbu za ofisi. Yeye alitaja awamu nne, ofisi iliona tatu. Awamu ya tatu, ile ya mwezi wa tisa, haikuwapo. Alipe pamoja na riba, au alete maelezo na vielelezo ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Akahesabu. Zilikuwa zimebaki kumi na tisa.

"Matapeli hawa," alimwambia Vitalia. "Wamesikia mjane ana duka."

Kesho yake alitembea mpaka ofisi ya kodi, lakini hakuingia. Alisimama nje kwenye ubao wa matangazo, akalinganisha namba za simu na mhuri, herufi kwa herufi. Vyote vilifanana. Barua ilikuwa ya kweli, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi, maana kama barua ni ya kweli, basi kuna mtu aliyemdanganya. Akageuka akaondoka. Hakuwa mtu wa kuingia kwa watu wa kodi kabla hajajua atasema nini.

Alianza kwa Rodrick, kijana wa stesheneri aliyemjazia ritani kwenye kompyuta. Rodrick aliisoma barua, akaipiga kopi haraka bila kuulizwa, kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, hili ni jambo dogo. Nipe elfu themanini, nitaongea na mtu wa ndani."

"Mtu gani wa ndani? Anaitwa nani?"

"Hao hawatajwi majina, mama yangu."

"Kama hana jina, hizo elfu themanini ataandikiwa nani?"

Rodrick akajikuna shingo. Hedwiga aliichukua barua yake, akanyoosha mkono tena. "Na hiyo kopi." Akapewa. Akaikunja ndani ya mkoba, akatoka akiwa na hakika kwamba kijana yule ni mwizi, ila si mwizi aliyekuwa akimtafuta.

Nyumbani alimimina risiti zote kitandani. Za mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili zilisomeka vizuri, maana alilipa mwenyewe dirishani benki. Ya mwezi wa tisa ilikuwa kipande cha karatasi laini, cheupe kama hostia. Hapakuwa na herufi hata moja. Aliielekeza dirishani, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha. Hakuona kitu.

Hapo ndipo alipomkumbuka Blasius.

Blasius alikuwa mdogo wa marehemu Wendelin. Alishuka ziwani akiwa kijana, akaoa huko Mbamba Bay kwa Wanyasa, akawa fundi wa injini za boti. Ukoo ndio uliomteua kuwa msimamizi wa mirathi ya kaka yake, na Hedwiga hakupinga, ingawa siku ile mahakamani alimtazama sana. Mwezi wa tisa wa mwaka jana, simu ilipotoka Mapera kwamba mama yake Hedwiga amezidiwa, Blasius alikuwa Mbinga kununua vipuri. Hedwiga aliacha bahasha kwa Vitalia, ndani yake fedha ya awamu na karatasi ya TIN, akaomba shemeji amlipie. Alipaki nguo chache, akaondoka. Mama yake alizikwa wiki ile. Aliporudi dukani, risiti ilikuwa imeshawekwa kwenye droo, naye hakuitazama.

Na mwezi uliofuata Blasius aliezeka nyumba kwa mabati mapya.

Jumamosi alipanda gari la kushuka ziwani. Barabara ilijikunja na kujikunjua, baridi ya milima ya Umatengo ikabaki nyuma, na kila kona aliyoipita alijiambia jambo jingine atakalomuuliza. Alimkuta Blasius uani, mikono imejaa grisi, injini ya boti ikiwa imefunuliwa mbele yake.

"Shemeji!" Blasius alishtuka. "Karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Habari za hapa?"

"Nzuri. Gertruda! Lete kiti, shemeji amekuja."

Gertruda, mkewe, alileta kiti, akarudi jikoni. Hedwiga alikaa, akainua macho juu.

"Mabati mazuri. Geji gani?"

"Ishirini na nane."

"Ulinunua lini vile?"

"Mwezi wa kumi."

"Wa mwaka jana."

"Wa mwaka jana." Blasius alichukua kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja. "Shemeji, umepanda gari kutoka Mbinga kuja kuulizia mabati?"

Hedwiga akafungua mkoba, akaweka barua kwenye mapaja ya shemeji yake, na juu yake ile karatasi nyeupe. Blasius alisoma taratibu, midomo ikichezacheza.

"Hii ndiyo risiti uliyoniachia," Hedwiga alisema. "Haina kitu."

"Ilikuwa na kitu. Benki palikuwa na foleni, nikalipa kwa wakala. Karatasi za vile vimashine zinafutika, hasa zikipata joto."

"Zangu nyingine hazikufutika."

"Zile zilitoka benki."

"Kumbe unajua zilikotoka."

Blasius aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaanza kupandisha picha kwa kidole gumba: injini, samaki, watoto wakipata kipaimara, injini nyingine. Akaishia kwenye moja. "Hii hapa. Niliipiga siku ileile, kabla sijamkabidhi Vitalia."

"Na kwa nini uliipiga?"

"Kwa sababu nakujua, shemeji."

Hedwiga aliipokea simu. Tarehe ilikuwa sawa, tarehe ishirini na nane mwezi wa tisa. Kiasi kilikuwa sawa. Alishusha jicho kwenye jina la mlipaji. Paliandikwa WENDELIN NDUNGURU.

Aliona jina la mumewe kwenye risiti iliyotolewa miaka miwili baada ya kumzika. Kwa muda kidogo alisahau alichokuja kufanya. Kisha ile akili yake ya kuhesabu ikaamka, ikajumlisha upesi, na jumla aliyoipata ilikuwa mbaya kuliko mabati.

"Ulilipa kwa jina la kaka yako."

"Nililipa kwa karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha. Sikuangalia hata jina, nilimpa wakala namba nikapewa risiti."

"Niliweka ya kwangu."

"Basi uliweka ya kaka."

"Hapana." Hedwiga alisimama. "Unataka duka. Unataka ionekane duka bado ni la marehemu na linalipiwa kodi na marehemu, halafu wewe msimamizi uje mbele ya ukoo uligawe. Unataka duka, Blasius."

Hakuwahi kumwita jina lake kavu hata siku moja. Gertruda alikuwa amefika mlangoni na sahani ya usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, akasimama nayo hapohapo. Blasius hakupandisha sauti. Aliitoa simu mkononi mwa Hedwiga polepole, akabonyeza mara mbili tatu, na simu ya Hedwiga ikalia mkobani.

"Nimekutumia picha. Gari la saa nane lisikuache, Mama Pankras. Likiondoka hakuna jingine."

Njia nzima ya kupanda mlima alipanga kesi. Atakwenda mahakama ya mwanzo, ataomba msimamizi aondolewe. Atamwita mwanawe Pankras kutoka Songea awe shahidi. Jumapili kanisani alipokea mkono wa amani bila kujua ni wa nani.

Jumatatu asubuhi alimsimulia Vitalia yote, huku mguu ukikanyaga cherehani kwa hasira. Vitalia alisikiliza mpaka mwisho, akang'ata uzi, akauliza, "Mama, karatasi yako ya TIN si ile pale ukutani?"

Hedwiga aligeuka. Ndiyo, ilikuwa pale, kwenye fremu ya kioo juu ya mlango wa stoo. Pankras aliifunga siku ilipotoka, kwa skrubu nne, kwa kuwa biashara hutakiwa kuonesha namba yake hadharani.

"Iliteremshwa," alisema. "Mwezi wa tisa niliiteremsha."

"Sijaona, mama."

Alipanda juu ya stuli. Vumbi juu ya fremu lilikuwa limeganda, kidole kikaacha mfereji. Akatazama zile skrubu. Ukuta ulipakwa rangi ya krimu Pasaka ya mwaka juzi, na fundi rangi mvivu alipitisha brashi juu ya fremu bila kuitoa, hivyo vichwa vya skrubu vyote vinne vilikuwa vimezibwa na rangi. Hapakuwa na mkwaruzo. Hakuna mtu aliyeigusa karatasi ile tangu Pasaka ya mwaka juzi, si Blasius, wala yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo kwenye bahasha niliweka nini?"

Vitalia aliinamisha kichwa. "Simu ya Mapera ilikuwa imekuja. Nilikuona unatoa karatasi kwenye droo, unalia. Shemeji aliporudi alinipa risiti na karatasi, nikazirudisha kwenye droo ileile."

Kwa dakika nzima Hedwiga alimkazia macho Vitalia, akitafuta faida atakayoipata kwa kusema uongo. Hakuiona. Akashuka, akafungua droo, akatoa chaki, vipimo na daftari la wateja, na chini kabisa akaikuta karatasi ya Wendelin, imekunjwa mara mbili, namba yake ikiwa ileile ya kwenye picha. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, miguu juu ya pedali, bila kukanyaga.

Kesho yake aliingia ofisi ya kodi. Alipokewa na afisa wa kike aitwaye Glorious, umri wa binti yake kama angekuwa na binti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaweka kila kitu mezani, na kila alichoweka alikitaja kwa sauti, ili baadaye pasiwe na ubishi kwamba hakukileta.

Glorious aliingiza namba ya Wendelin kwenye kompyuta, akasubiri, akaigeuza skrini ili Hedwiga aone. "Hela yako haijapotea, mama. Hii hapa, imekaa kwa marehemu. Mfumo hauwezi kujua kwamba ilikuwa yako. Andika barua ya maelezo ukiomba ihamishiwe kwenye namba yako, uambatishe risiti na cheti cha kifo. Ila kwa kuwa inatoka kwenye namba ya marehemu, msimamizi wa mirathi lazima asaini kwamba hana pingamizi. Msimamizi ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Basi mpate huyo. Una siku kumi na mbili."

Alimpigia Blasius siku hiyohiyo. Simu iliita mpaka ikakatika. Jumatano ilipokelewa na Gertruda. "Yuko kwenye injini, mama." Alhamisi pia alikuwa kwenye injini. Hedwiga aliandika ujumbe wa maneno, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta. Alianza kuwaza kwamba Blasius anangoja tu siku zipite, ili amkomeshe. Halafu akawaza kwamba angekuwa yeye, angefanya hivyohivyo.

Jumamosi alishuka tena, barua ikiwa imeshachapwa, imebaki sahihi tu. Safari hii alianza kwa Gertruda, akampa kanga mbili, akamwomba radhi kwa kuiacha sahani yake mkononi. Kisha akaenda uani.

"Nilikosea," alisema akiwa bado amesimama. "Karatasi ya kaka yako niliiweka mimi. Yangu haikutoka ukutani. Nilikuita mwizi mbele ya mkeo, na hukuwa mwizi. Nisamehe."

Blasius alimaliza kukaza nati aliyokuwa akiikaza. "Nimesikia. Umeleta karatasi gani?"

Akampa. Kalamu alikuwa ameishika tayari.

"Kalamu ingoje. Mimi nimeshaitwa mwizi, sisaini kitu nisichokisoma."

Alikaa kwenye tofali, akaisoma barua kutoka tarehe mpaka mwisho, akarudi katikati, akaweka kidole chenye grisi kando ya mstari.

"Soma hapa, Mama Pankras."

Hedwiga alisoma. "Malipo hayo yaliingia kwenye namba ya marehemu kutokana na makosa ya mtu aliyetumwa kulipa."

"Mtu aliyetumwa ni nani?"

Maneno yale Hedwiga aliyatamka mwenyewe Jumatano, kijana wa stesheneri nyingine akichapa. Aliyaona kuwa madogo tu, ya kuwaridhisha ofisi, na jina la mtu halikutajwa. Sasa, akiyasikia hapa uani, aliona aibu kuliko hata ile siku ya usipa. Alikuwa amekuja kuomba msamaha akiwa na shutuma mkobani, imeshachapwa, inasubiri mhuri.

"Iandikwe upya," Blasius alisema.

Walitembea pamoja mpaka stesheneri iliyo karibu na bandari, hatua kadhaa kati yao. Umeme ulikuwa umekatika. Mwenye duka hakujua utarudi lini, na gari la saa nane halingoji umeme. Hedwiga akanunua karatasi mbili za mistari, akakaa kwenye benchi la nje akielekea ziwani, akaandika kwa mkono. Blasius alisimama nyuma yake akisoma kila mstari unavyotoka.

"Mimi, Hedwiga Kinunda, niliweka ndani ya bahasha namba ya marehemu mume wangu badala ya yangu. Shemeji yangu, Blasius Ndunguru, alilipa kama nilivyomwagiza, kwa kiasi kamili na kwa wakati."

"Ongeza tarehe niliyolipa," Blasius alisema.

Akaongeza. Blasius aliinama, akasaini chini, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Alikataa nauli. Alimsindikiza mpaka kwenye gari, akangoja likaondoka.

Barua ilifika ofisini zikiwa zimebaki siku sita. Glorious aliisoma, akamtazama Hedwiga juu ya karatasi, akagonga mhuri wa kupokea bila kusema kitu kuhusu maandishi ya mkono. Hedwiga aliomba nakala yake nayo igongwe mhuri. Baada ya wiki tatu alipata jibu. Awamu zote nne zilionekana kwenye namba yake, na deni lilikuwa sifuri. Alirudi ofisini mara moja zaidi kuuliza kama hiyo sifuri itabaki sifuri, Glorious akacheka, akamchapishia taarifa yenye mhuri akakae nayo.

Tangu siku ile ya mabati, Blasius hajamwita shemeji. Ni Mama Pankras kwenye simu, Mama Pankras mbele ya watu, kwa heshima zote, kama anavyoitwa na wateja. Hedwiga alilisikia hilo kila mara na hakulalamika.

Mwezi wa kumi na mbili Blasius alipanda Mbinga kufuata vipuri. Alipita dukani, akasalimia, akataka kuendelea na safari. Hedwiga akamwambia angoje, akaingia stoo, akatoka na ovaroli ya bluu ya kitambaa kizito cha kaki, mifuko minne, magoti yaliyowekwa kitambaa mara mbili. Alikuwa ameishona kwa kumkadiria tu kwa macho.

Blasius aliipokea, akaigeuza ndani nje. Alivuta mishono ya kwapa kwa nguvu za mikono yote miwili, akachungulia mifuko, akaijaribu juu ya nguo zake. Vitalia aliacha kushona.

"Mikono mifupi," Blasius alisema.

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

"Naweza kuirefusha. Lakini si leo, nina sare za Januari."

Blasius aliivua, akaifikiria. Gari lake lilikuwa linapiga honi stendi. Akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele ya Hedwiga.

"Basi nakuachia," alisema. "Nitaipitia mwezi wa kwanza."